Kidole cha Mthibitishaji

Ziwa lililofungwa halina sababu ya kupungua samaki. Hilo hata mtoto wa chekechea wa kijiji cha wavuvi cha Mwalo wa Nkema angekwambia. Nyavu zote zilichomwa moto miaka saba iliyopita, mbele ya kamera, wengine wakilia na wengine wakipiga makofi. Mitumbwi ikapinduliwa kifudifudi, na sasa kuku walikuwa wakitagia chini yake. Hakuna aliyevua, wala aliyethubutu, maana Masikio yaliyozamishwa ziwani yangemsikia. Sasa inakuwaje namba ishuke?

Veredina Ntakije aliinua uso akaitazama tena. Themanini na sita. Iliwaka kwa taa nyekundu juu ya mlango wa ofisi ya Mfuko wa Subira, kubwa kiasi cha kusomeka kutoka sokoni. Ikifika mia, ziwa limejaa na linafunguliwa. Mwaka jana wakati kama huu ilikuwa tisini na nne, watu wakaanza kubishana nani atakuwa wa kwanza kusukuma mtumbwi majini. Halafu ikasimama. Kisha ikaanza kurudi kinyumenyume, mwezi mmoja pointi moja, mwezi mwingine mbili, hadi watu wakaacha kubishana.

Na kila mwezi, aliyeipa namba hiyo uhalali alikuwa yeye. Mkataba ulitaka mthibitishaji awe mzaliwa wa mwaloni, ili wenyeji wasiseme wamepigiwa hesabu na wageni. Veredina alisoma chuo, akarudi, akapewa kazi ya kuweka dole gumba kwenye kioo cha Sanduku, mashine iliyohesabu samaki, na kwa miaka sita watu walimpenda kwa hilo. Sasa hata muuza maandazi alimrudishia chenji bila kumtazama usoni.

"Lisemwalo lipo," mama huyo alimwambia jirani yake kwa sauti ambayo haikukusudiwa kuwa ya siri. "Samaki hawana miguu. Kuna mtu anawala."

Veredina alikunja maandazi yake kwenye gazeti akaondoka. Kilichomuuma ni kwamba na yeye aliwaza hivyohivyo.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Akipita ufukweni alimwona mnandi, yule ndege mweusi mwenye shingo ndefu, amekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Alimkaribia hadi hatua tatu. Ndege hakuruka, alikuwa ameshiba kupita kiasi. Alipotaka kuruka kweli alishindwa, akainamisha shingo akatapika mchangani ili kupunguza mzigo, ndipo akapaa. Veredina alichuchumaa. Dagaa, wengi, bado wanang'aa. Mwaka wa kwanza wa kufungwa ndege hao walikuwa wakifa njaa hapohapo ufukweni. Ndege hasomi taa nyekundu, akawaza, wala hana mkataba na mtu.

Akasimama akapangusa mikono. Kuna mtu alikuwa akimfanya yeye, Veredina binti Ntakije, athibitishe uongo.

*

Masikio yalikuwa elfu mbili. Kila moja lilikuwa na ukubwa wa chungwa, na yote yalining'inia kwenye nyaya zilizotandazwa ziwani, mita thelathini chini ya maji. Kila dagaa ana kifuko cha hewa tumboni, na kifuko hicho kina mlio wake kikigongwa na sauti. Siku zote Masikio yalivizia mlio wa kasia, lakini mara moja kwa mwezi, kwa usiku mmoja, yalipiga sauti na kusikiliza jibu, kisha Sanduku likajumlisha. Halikuchukua hesabu ya usiku huo peke yake. Liliichanganya na za miezi kumi na mmoja ya nyuma, ili usiku mmoja mbaya usiwatie watu wazimu.

Mpango wa fedha nao ulikuwa na hesabu yake. Samaki aliyeachwa majini leo ni wengi kesho, na kuna watu mjini waliokuwa tayari kuingojea kesho hiyo kwa faida. Hao ndio walioweka fedha katika Mfuko, na Mfuko ndio uliozilipa nyumba mia tatu za Nkema posho ya kukaa bila kuvua. Mvumilivu hula mbivu, waliambiwa, na posho ndiyo ya kula wakati wa kungoja. Kila nyumba ikapewa pia nanga moja, yaani haki ya kuvua ziwa litakapofunguliwa. Nanga iliweza kurithiwa. Iliweza pia kuuzwa, na hapo ndipo Dastani mwenye duka la vifaa alipoingia.

Namba ilipokuwa tisini na nne, nanga moja ilitosha kujenga nyumba ya bati. Sasa ilitosha pikipiki iliyokwisha tumika. Na Dastani alinunua tu, wiki baada ya wiki, bila kulalamika.

"Ijumaa nauza," kaka yake Veredina, Laurian, alikuwa amemwambia. Nanga ya baba yao iliandikwa kwa jina lake, yeye ndiye mkubwa. "Usinitazame hivyo. Unapandisha wewe hiyo namba? Unaishusha. Nikisubiri mwezi ujao nitapata baiskeli."

"Hiyo ni nanga ya baba."

"Baba amekufa, Vere. Na ziwa lake nalo linakufa, wewe mwenyewe unalibonyezea kidole."

Laurian alikuwa mtu mwema mwenye kasoro moja kubwa: mdomo wake haukuwa na kufuli. Ukimwambia jambo asubuhi, jioni unalisikia sokoni.

*

Bwana Lwitiko, mkuu wa ofisi ya Mfuko, alikuwa mtu wa milimani aliyekuwa akiogopa hata kuloweka miguu. Alhamisi asubuhi Veredina alimkuta amelegeza tai, feni ikimpulizia karatasi zake huku na huku. Veredina alikuwa amejiandaa kumchukia.

"Naomba tarehe za hesabu zote, mkuu. Tangu mwanzo."

"Za nini tena, dada Veredina?"

"Nataka kujua ninachokibonyezea kidole."

Lwitiko alimtazama kidogo, kisha akamsukumia kompyuta yake ndogo juu ya meza. Alifanya hivyo haraka mno kwa mtu mwenye la kuficha, na hilo lilimtia Veredina shaka zaidi. Akaanza kusoma tarehe. Hazikumwambia kitu. Akainua macho kufikiri, na macho yakatua ukutani, kwenye kalenda ambayo msikiti uligawa kwa ofisi zote, yenye tarehe za kawaida kwa herufi kubwa na za mwezi mwandamo kwa herufi ndogo pembeni.

Alilinganisha tarehe ya kwanza kwa mazoea tu. Mwezi uliopita: kumi na nne mwandamo. Ule wa nyuma yake: kumi na tano. Akarudi nyuma zaidi. Kumi na nne. Kumi na nne. Miezi kumi na mmoja yote, mbalamwezi tupu. Na kabla ya hapo, miaka sita mfululizo, ishirini na saba, ishirini na nane, giza totoro.

Alimkumbuka baba yake akilala nyumbani siku za mbalamwezi, akishona nyavu mchana, akiwachekesha. Nani asiyejua? Dagaa huvuliwa kwa taa, gizani, ndipo wanapopanda juu kwa wingi. Mwezi ukiwa mpevu wanatawanyika na kuzama chini kabisa, hata uwashe jua zima hawaji. Mwalo mzima ulilala mbalamwezi. Harusi zilipangwa siku hizo, na watoto, kwa utani wa wanawake wa Nkema, wote walitungwa mimba siku hizo. Na Masikio yalikuwa yakining'inia mita thelathini, yakisikiliza maji ya juu, mahali ambapo samaki hawakuwepo.

Ziwa lilikuwa limejaa. Pengine lilijaa zamani.

"Siku ya hesabu," alisema, "huwa anaipanga nani?"

"Si nyinyi wenyewe? Kifungu cha kumi na nne. Kamati ya mwalo ndiyo inayopanga, kwa ajili ya mila na misiba na nini sijui. Mimi naletewa barua tu."

"Barua inasainiwa na nani?"

"Mwenyekiti wenu. Yule mama wa chanja za dagaa. Mwaka huu aliomba tubadilishe siku, nikakubali, itanihusu nini?" Lwitiko alijifuta jasho. "Sikiliza, dada. Huko makao makuu wanadhani nawauza samaki. Nina meli nne bandarini zimeshalipiwa, zinaota kutu. Mwaka wa saba unakwisha Jumanne. Ikifika Jumanne bila mia, ile haki yetu ya kutangulia kuvua imekufa, na mimi nimekufa nayo. Kama umeona kasoro, iandike! Mthibitishaji akiandika kasoro, hesabu za mwaka zinafutwa zote, tunahesabu upya mara moja. Hata Jumatatu. Lakini ukishabonyeza Ijumaa, basi, hakuna hesabu nyingine hadi mwezi ujao, isipokuwa udanganyifu ugundulike." Akainama mbele. "Umeona kitu?"

Veredina alikuja kumkamata mwizi, na mwizi alikuwa akimwomba amsaidie kutafuta. Jumatatu mwezi ungechelewa kuchomoza, kungekuwa na saa mbili za giza. Masikio yangesikia ziwa zima.

"Hapana, mkuu," alisema. "Sijaona kitu."

Alikuwa hajui bado kwa nini amedanganya. Alijua tu kwamba mwenyekiti huyo, Bi Sikitu, alimlea mwaka mzima mama yake alipougua.

*

Bi Sikitu alikuwa uani kwake, amekaa kwenye kigoda, akikaza wavu wa waya juu ya chanja mpya ya kuanikia dagaa. Alikuwa mwanamke mpana mwenye vidole vilivyokomaa kwa chumvi na jua, na kwa miaka thelathini hakuna aliyeanika dagaa Nkema bila kuogopa ulimi wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Shika huku, vuta."

Veredina alishika, akavuta. Wavu ulikuwa wa rangi ya kijani, bado unanuka plastiki.

"Hesabu mnazipanga mbalamwezi," alisema.

Bi Sikitu hakushtuka. Alikata waya kwa koleo, akaukunja ncha. "Imekuchukua hadi hesabu ya kumi na mbili kuligundua hilo. Baba yako angeona aibu."

"Kwa nini, mama?"

"Umeusoma mkataba au umeubonyezea tu? Ziwa likijaa ndani ya miaka saba, siku thelathini za kwanza ni zao peke yao. Meli nne, kila moja na taa za kutosha uwanja wa mpira. Wanasema watachukua robo."

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Imeandikwa! Mimi nilikuwepo zilipokuja meli mara ya kwanza, wewe ukiwa mgongoni. Nazo zilikuwa na karatasi. Watakomba wazazi, watatuachia watoto, namba itashuka hamsini, kisha watatuambia tufunge tena. Ila mwaka wa saba ukipita, haki hiyo imekwisha, nasi tunarudisha hesabu gizani. Fedha zao watapata, hatuwadhulumu. Watakatiwa kidogo kidogo katika kila uvuvi wetu, miaka ishirini. Watalipwa kwa mwendo wetu, si kwa mwendo wao."

Ubaya wa maneno hayo ni kwamba yalikuwa na akili. Veredina alitamani yawe ya kijinga.

"Na wanaouza nanga kwa sababu ya namba hiyo? Wanauza wakidhani ziwa limekufa. Laurian anauza kesho."

"Mzuie."

"Nitamzuia kwa neno gani?"

"Ndiyo hivyo." Bi Sikitu alivuta waya kwa nguvu hadi mishipa ya shingo ikamsimama. "Nyumba mia tatu haziwezi kutunza siri. Ukimwambia Laurian leo, kesho iko kwa Lwitiko. Wachache wataumia, mwanangu. Mimi silali kwa ajili yao."

"Nani wengine wanajua?"

"Mimi na wajumbe wangu wawili. Na sasa wewe. Niahidi."

Veredina aliahidi. Kisha, akivuta wavu tena, akauliza, "Wavu mzuri huu. Umeupata wapi?"

"Ah, wa zamani huo," alisema Bi Sikitu, akageuka kutafuta koleo lililokuwa mkononi mwake.

*

Ijumaa saa tano asubuhi Sanduku lilitoa hesabu. Themanini na nne.

"Unathibitisha?" liliuliza, kwa ile sauti yake ya upole kama ya muuguzi. Pembeni ya kioo kulikuwa na sehemu ya kuandika kasoro, nyeupe, tupu. Lwitiko alisimama nyuma yake akipumua kwa mdomo.

Neno moja lingetosha. Mbalamwezi. Laurian angebaki na nanga, na meli nne zingekuwa Nkema wiki ijayo. Veredina aliwaza dagaa waliotapikwa na mnandi mchangani, wakubwa, wamejaa mayai. Miaka saba ya watu kula ugali kwa mchicha ili samaki hao wazae. Akaweka dole gumba.

Lwitiko alikaa chini. Nje, taa ikabadilika kuwa themanini na nne, na kutoka sokoni ukasikika mguno wa watu wengi kwa pamoja.

Veredina alipofika dukani kwa Dastani foleni ilikuwa imeshatoka nje ya mlango, wanaume karibu ishirini, wavuvi wa zamani wote, kila mmoja na kitambulisho mkononi. Laurian alikuwa wa kwanza. Lazima alilala pale. Pikipiki yenyewe ilikuwa imeegeshwa kando, nyekundu, imeoshwa.

Veredina aliingia bila kujua atasema nini. Alikuwa ameahidi. Akasimama kando ya kaunta akimtazama Dastani, mtu mwembamba mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, akifungua kitabu cha mauziano huku akipiga mluzi. Mtu anayenunua mzigo unaooza kwa furaha hivyo, ama ni mwendawazimu ama anajua haujaoza.

Ndipo akaona. Nyuma ya Dastani, kwenye rafu, marobota matatu ya wavu wa kijani, na la nne limekatwa nusu.

Alisema polepole, kama anayeulizia bei ya misumari, "Bi Sikitu alikuja kuchukua wavu wake?"

"Alishachukua, zamani," Dastani alijibu bila kuinua kichwa.

"Alilipa?"

"Yule mama? Ah, sisi hatulipani, tuna mambo ye—" Akainua kichwa. Mluzi ulikuwa umekwisha.

Kikulacho ki nguoni mwako. Veredina alihisi aibu ikimpanda shingoni, aibu ya kuvutishwa waya kama mtoto akiambiwa wachache wataumia. Pengine Bi Sikitu alianza kwa nia njema. Pengine kila neno alilosema kuhusu meli lilikuwa kweli. Lakini alikuwa ameiuza siri hiyohiyo aliyomwapisha Veredina aifiche, na bei yake ilikuwa wavu wa kuanikia dagaa ambao watu hawa hawangekuwa na haki ya kuwavua.

"Weka kidole hapa, bwana Laurian," alisema Dastani, sasa kwa haraka.

"Kaka," alisema Veredina. "Baba alikuwa akilala nyumbani siku zipi?"

"Vere, niache. Usianze mambo ya baba."

"Nijibu tu."

"Mbalamwezi. Nani hakulala nyumbani mbalamwezi? Sasa hiyo—"

"Na jana usiku mwezi ulikuwaje?"

Alijibu mzee Bakundukize, wa pili kwenye foleni. "Mpevu. Nimechambua maharage nje bila taa." Aliangalia mlangoni, kwenye ile taa nyekundu ng'ambo ya soko. "Na hesabu ndiyo imefanywa jana usiku," alisema, taratibu.

"Na ya mwezi uliopita je?" aliuliza Veredina. "Na ya kabla yake?"

Hakusema zaidi ya hapo. Hakuhitaji. Aliwaona wakihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, watu wazima waliozaliwa wakijua samaki wako wapi siku gani, na ambao kwa mwaka mzima walikuwa wakiisoma namba bila kuuliza ilihesabiwa lini. Laurian alikuwa ameshanyoosha dole gumba. Lilibaki hewani, kisha likarudi mfukoni pamoja na mkono.

"Nimesahau kitambulisho," alisema mzee Bakundukize, akiwa amekishika.

"Mimi nimeacha jiko linawaka," alisema mwingine.

"Mke wangu hajui kama niko hapa."

"Jamani, subirini!" Dastani aliinuka. "Bei naongeza. Naongeza nusu! Mara mbili!"

Aliyekuwa bado na shaka, hapo ikamwisha. Baada ya muda mfupi duka lilibaki na watu watatu, na pikipiki nje.

*

Laurian hakusema kitu hadi walipofika katikati ya soko. Alipofungua mdomo, alinong'ona, jambo ambalo Veredina hakukumbuka kumwona akilifanya.

"Lakini umeshabonyeza."

"Nimebonyeza."

"Ukijua."

"Nikijua."

"Na Lwitiko akisikia kabla ya Jumanne?"

"Anafuta yote. Meli zinakuja. Na mimi nafungwa." Akamtazama kaka yake. "Akisikia baada ya Jumanne, nafungwa tu, meli haziji."

Watu ishirini sasa walijua, na Dastani, na wajumbe wawili ambao hakujua wameuza nini kwa nani. Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne. Alitazama nyuso za watu wa foleni zikitawanyika katikati ya vibanda, na kwa mara ya kwanza maishani hakuweza kuamini hata mmoja.

Lwitiko alikuwa amesimama mlangoni pa ofisi, chini ya namba yake, tai mkononi. Alikuwa ameiona foleni, na alikuwa ameiona ikivunjika. Akawapungia mkono, akavuka barabara kuwajia, akimtazama Laurian na si Veredina. Hata yeye, kwa miaka yake michache pale, alijua ni mdomo upi Nkema usiohitaji kuombwa mara mbili.

"Laurian, ndugu yangu! Mbona mmeghairi wote? Kuna habari gani?"

Laurian alifungua mdomo. Veredina alifumba macho.

"Hakuna kitu, bosi," alisema Laurian. "Pikipiki yenyewe mbovu."

Kisha akamshika dada yake mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu siku walipomzika baba yao, wakaelekea nyumbani.